Maua Yaliyoacha Njia

Juzi, ukutani mwa hoteli moja ya Kasese, niliona kalenda yenye picha ya mto na maua mekundu. Chini yake wameandika: "Maua ya mwituni." Nilisonya mpaka mhudumu akageuka.

Mahali pale napajua. Nilipokuwa mdogo, mvua zilipoanza, bibi alinipeleka pale, ndani ya hifadhi ya wanyama, udongo ukinukia na mto ukinguruma chini ya genge. Maua yalisimama mistari miwili, katikati pamebaki njia ya mtu mmoja. Bibi akakata matawi, akainama, akaanza kufagia. Nilidhani anafukuza nyoka.

Askari wa wanyama akatokea akifoka. "Wewe mama! Hapa iko ya serikali. Toka mbio!"

"Ngoja, we mutoto," bibi alijibu bila kuinuka. "Nimalize hapa mulangoni."

Niliona aibu. Mlango gani porini? Askari akamnyang'anya yale matawi, akayatupa mtoni.

Nyumba ya bibi ilikuwa pale pale, ikabomolewa kupisha hifadhi kabla sijazaliwa, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Sasa hao wenye kalenda wanijibu: maua ya mwituni yalijifunzia wapi kumwachia mtu njia ya kuingia kwake?