Kaa la Udi

Mama mkwe mtarajiwa alipokuja kwetu Mabawa kuniona, hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba sukari imeshaitia miguu yangu ganzi. Shangazi alileta chetezo, nikasimama juu yake nifukize nguo zangu udi. Kaa la moto likaanguka.

"We mtoto, kidole chaungua!" shangazi akapiga ukelele.

Nikatazama chini, nikaliona kaa limenata juu ya hina yangu. Ndipo nami nikapiga yowe, nimechelewa, kama mwigizaji aliyesahau zamu yake.

Mgeni alipiga magoti mbele yangu, akauliza taratibu, "Hapa wasikia, mwanangu?"

"Naam, mama. Yauma sana," nikajibu, nimefumba macho kwa haya.

Nilipoyafumbua, vidole vyake vilikuwa bado havijanigusa.