Kipande cha Boti kutoka Kasanga

Nilijiunga na wahandisi wanaojitolea kuandika mwongozo wa vifaa vya faiba, ile plastiki ngumu ya kuundia boti. Wote ni wakubwa zangu; mimi nimehitimu juzi tu, nikaogopa wataniona sifai. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutuma kipande cha boti kilichopasuka, kwa ajili ya sura ya mwongozo inayoeleza nyufa.

Nilikipata ufukweni Kasanga, kimejaa matope na magamba ya samaki. Nyumbani Chanji nikawaza siku mbili: watu wazima nitawapelekeaje kitu cha namna hii? Nikakisugua, nikakitengeneza hadi kikang'aa, kisha nikakituma.

Kwenye mkutano wa mtandaoni, mwenyekiti alikigeuzageuza mbele ya kamera.

“Kijana, mbona sioni ufa?”

“Shikamoo, mama,” nilijibu. “Niliuziba, nikapaka na rangi.”