Malori ya Ijumaa na Ng'ombe wa Baba

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nadhani hawakuwahi kufika Garsen siku ya Ijumaa baada ya swala ya alasiri, wakakuta malori mawili yanashindana mbio mbele ya watazamaji ambao, ukiwaondoa mbuzi, hawajazi benchi moja.

Mimi nilicheza kwetu miaka mingi. Nilikuwa dereva wa lori la kubeba ng'ombe, na kila Ijumaa ambayo sikuwa safarini nilishindana. Hakuna aliyenitunza hata kwa makofi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, wala sitajifanya kwamba haliniumi. Huko Lamu punda wakishindana watu wanapanda juu ya kuta, wageni wanakuja na kamera zao, na anayeshinda anabebwa juujuu. Punda! Mnyama ambaye siku nyingine zote kazi yake ni kubeba mawe na kuchapwa. Hapo Garsen vijana wakipiga mpira, hata kama hakuna anayejua kufunga goli, uwanja unajaa. Lakini mtu akichukua lori tupu lenye bodi ya mbao inayogongana kama kabati la vyombo, akalitoa kwenye kusimama mpaka gia ya nne juu ya murram iliyopasuka, barabara ya kifusi isiyo na lami, na likabaki na magurudumu yake chini, huyo anaitwa mwendawazimu. Hata polisi hawakujisumbua kuja kutufukuza. Nikikumbuka hilo nakasirika zaidi kuliko nikikumbuka waliotucheka.

Tulikuwa tunashindana kwenye barabara ya zamani. Lami ya kwenda Lamu ilipopita pembeni, kipande kimoja cha murram kilibaki pale uwandani, kimenyooka, hakina kazi. Upande wake mmoja vilikuwa vimeota vichaka vya mathenge, ule mti wa miba unaomeza nchi yetu, na mwisho wake ulikuwa karibu na malka. Malka, kwa asiyetoka kwetu, ni njia ya mifugo ya kushuka mtoni kunywa maji. Wakulima huiacha bila kuilima, na ukiona mtu amepanda mahindi juu ya malka ujue kesi iko njiani. Kila mwenye ng'ombe ana zamu yake pale, na zamu hizo zilipangwa kabla hatujazaliwa. Ng'ombe anayeelekea maji hapishi mtu, hata awe gavana. Kwa hiyo mbio zetu zilikuwa na sheria moja tu: ng'ombe wakikata barabara, mbio zimekufa, na hakuna mshindi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tunasugua bodi kuondoa samadi, tunashusha kamba, turubai na gurudumu la akiba. Malori mawili yanasimama sambamba. Mbele yetu anasimama Msomali mwenye duka la chai pale steji, mzee mnene mwenye ndevu za hina, mtu pekee ambaye hakukosa Ijumaa hata moja. Anavua kofia yake na kuirusha juu. Kofia ikigusa ardhi, tunaachia klachi. Huko mbele tumesimamisha madumu mawili ya njano, na atakayeyapita kwanza ndiye mshindi.

"Waryaa," mzee alikuwa akituita kwa Kisomali kila mara, huku akikung'uta vumbi kwenye kofia, "nyinyi iko wazimu. Mimi nakuja kuona nani takufa."

Hakuna aliyekufa. Tulikuwa tunajua malori yetu. Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Mpokomo wa kijiji cha Wema aliyebeba maembe na ndizi, rafiki yangu, mwenye lori la buluu ambalo mbele, juu ya kioo, alilipaka rangi nyeupe. Lake lilikuwa jepesi, likichomoka mara moja. Langu lilikuwa jekundu na zito. Gia ya kwanza lilikuwa linaguna tu, gia ya pili linafikiria, na mimi nimekaa pale ndani natukana kimoyomoyo huku nikila vumbi la mwenzangu. Halafu linafika gia ya tatu, na kitu kinafunguka chini ya miguu yangu. Usukani unakuwa mwepesi, mbao za bodi zinaacha kupiga kelele, na lile la buluu linaanza kurudi nyuma kwenye kioo cha pembeni. Sijapata mahali pengine duniani paliponipa raha ile. Nimeoa, nimezaa, nimefunga Ramadhani na kufungua kwa tende na maji baridi, na bado nasema hivyo.

Sasa nitasema nilichokuwa nakitaka, maana si makofi ya watu wa Garsen niliyokuwa nikiyalilia hasa. Nilitaka baba aje anione. Mara moja tu.

Baba ni mfugaji, Muorma wa zamani, mtu wa ng'ombe mpaka ndani ya mifupa. Kwetu mwanamume hujulikana kwa ng'ombe wake. Baba akimtaja mtu, hamtaji kwa baba yake wala kwa kazi yake, anamtaja kwa dume lake: yule mwenye mwekundu wa pembe pana, yule mwenye mweusi wa paji jeupe. Jioni akikaa na wenzake, dume mmoja anaweza kusifiwa mpaka maziwa yapoe. Mimi nilikulia katikati ya sifa hizo, kisha nikaenda kushika usukani wa kitu kinachopakia ng'ombe na kurudi kitupu. Siku nilipomwonyesha lori kwa mara ya kwanza, alilizunguka polepole, akachungulia ndani ya bodi, akasema kwa Kiorma, "Huyu anakula na hashibi." Kisha akaenda zake.

Sikumlaumu. Lakini kila Ijumaa, kabla ya kofia kurushwa, nilikuwa natupa jicho kwenye lile tuta la kando ya barabara ambako watazamaji walikaa. Mwanzoni walikuwepo wengi kidogo, kina mama wa kuuza viazi vya kukaanga, vijana wa bodaboda waliokosa abiria, wachungaji wawili watatu. Nilitafuta kilemba cheupe na ile fimbo yake ndefu. Baadaye watu walipungua. Mpira wa Ulaya ulianza kuonyeshwa kwenye vibanda, simu zikajaa mikononi, na kijana akiona unamwambia aje kwenye jua kutazama malori alikuangalia kama uliyemtaka akachimbe kaburi. Tuta likabaki tupu, ila mbuzi na yule mzee wa duka. Nami niliendelea kutazama. Tuta tupu ni rahisi kulikagua.

Nyumbani, jioni ya siku ya mbio, tulikuwa tunakaa kunywa maziwa. Baba hakuniuliza nimeshinda au nimeshindwa. Alikuwa na neno lake moja, na alilisema kila Ijumaa bila kuniangalia.

"Leo ng'ombe wamechelewa maji."

Nilijua kelele na vumbi letu vilikuwa vinamsumbua, maana zamu ya alasiri pale malka ilikuwa yake. Nililimeza neno lile pamoja na maziwa. Lilinikaa kooni miaka yote ile, kwa sababu nilikuwa namtaka aje kama mtazamaji, naye alikuja kama mlalamishi. Wenye zamu ya baada yake nao walinung'unika hadharani kwamba mzee siku hizi ni mzito, Ijumaa anawachelewesha wote, na ng'ombe wao wanakunywa jua likizama.

Na sisi madereva, katika upumbavu wetu, tulikuwa tukijisifu. Miaka mingi vile, kwenye barabara inayokwenda malka, na ng'ombe hawakuwahi kukata mbio zetu hata siku moja! Tulisema tunajua kuchagua saa. Yule rafiki yangu wa Wema alikuwa akijigamba pale steji, "Sisi iko na akili. Saa hii ng'ombe iko mbali." Mimi mtoto wa mfugaji, ninayeijua zamu ya baba kama ninavyolijua jina langu, niliitikia kwa kichwa na kukubali. Jambo likikufaa huliulizi maswali.

Kisha likaisha. Barabara nzuri ilileta matrela makubwa, na tajiri mwenye lori nililoendesha akaona heri alipeleke mji wa Madogo, mbali na kwetu, likabebe kokoto. Nilimpa funguo zake. Wiki ileile goti la baba lilimkataa kabisa, akawa wa kukaa kitandani nje ya nyumba. Ndugu zangu wako mbali, Mombasa na kwingineko, kwa hiyo fimbo ndefu ilihamia mkononi mwangu. Mtu mzima mwenye leseni ya magari makubwa, nikajikuta natembea nyuma ya mikia.

Sikuwa mchungaji mzuri. Nilitembea huku moyo uko kwenye gia ya tatu. Nikisikia lori linabadilisha gia huko lami, mguu wangu wa kushoto ulikuwa unakanyaga mchanga wenyewe. Nililikumbuka lile jekundu kama mtu anavyomkumbuka mke aliyeolewa na mwingine. Na kila siku niliwapeleka ng'ombe malka kwa zamu ya baba, moja kwa moja, bila kusimama, nikakata barabara ya zamani na kushuka mtoni.

Halafu ikafika Ijumaa moja ya kiangazi. Uwanda ulikuwa umekauka, na ng'ombe walikuwa na kiu ya kweli, ile ya kukazana wakisukumana kwa mabega baada ya kunusa mto. Mbele alitangulia yule jike wa kijivu, kiongozi wao tangu zamani, mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea jicho. Tulipokaribia vichaka vya mathenge nikasikia injini mbili zinaungurumishwa mahali pamoja. Sikuamini masikio yangu. Kumbe yule rafiki yangu na dereva mwingine mgeni walikuwa bado wanajaribu.

Yule wa kijivu akasimama.

Hakushtuka. Ng'ombe akishtushwa na injini hukimbia, hilo kila mtu analijua. Huyu alisimama kwa utulivu nyuma ya kichaka, akashusha kichwa, akaanza kucheua. Na wote waliokuwa nyuma yake wakasimama, pua zimeelekea mtoni, ndimi nje, hakuna aliyempita. Nilimpiga kofi mgongoni. Nikamkemea kwa kuiga sauti ya baba. Hakunyanyua mguu.

Nikaenda mbele nione kuna nini. Kati ya vichaka palikuwa na pengo, na mathenge hayaachi pengo yenyewe. Matawi yalikuwa yamekatwa kwa panga, mengine zamani, mengine juu ya makovu ya zamani. Mbele ya pengo palikuwa na kichuguu cha mchwa kilichosagika juu, kimelainika kama kigoda kilichokaliwa sana. Kando yake ardhini kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, vingi, vya ncha ya fimbo. Nikakaa juu ya kile kichuguu. Barabara yote ilikuwa mbele yangu, kuanzia kofia mpaka madumu. Na lile tuta nililokuwa nikilikagua kila Ijumaa lilikuwa upande wa pili kabisa.

Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Malori yalipita, vumbi likaja, likatua. Injini zilipozimwa yule wa kijivu akanyanyua kichwa, akakata barabara, na wenzake wakamfuata mbio mpaka majini.

Nilifika nyumbani mwanga umepungua. Baba alikuwa kitandani pale nje, mguu ameunyoosha. Nilimsalimia, nikakaa chini karibu naye, na nikashindwa pa kuanzia. Mwishowe nikatafuta neno lililokuwa karibu.

"Baba, leo ng'ombe wamechelewa maji."

Akageuza uso wake kwangu, kitu ambacho hakuwa na desturi ya kukifanya tukinywa maziwa.

"Nani kashinda?" akaniuliza. "Yule wa buluu wa paji jeupe?"

Nikamwambia sikuangalia.

"Umesimama pale na hukuangalia?" Alikasirika kweli. "Ng'ombe wamekaa na kiu, na hukuangalia?"

Nililia, sina haja ya kuficha. Mtu mwenye mvi ndevuni nililia nimeshika kibuyu cha maziwa. Miongoni mwetu hakuna anayemzuia ng'ombe mwenye kiu asifike majini. Mfugaji anaweza kumnyima mgeni kitanda, akamnyima ndugu salamu, lakini hilo halifanyi. Baba alilifanya kila Ijumaa, akasemwa na wenzake, akakaa kimya.

Alipoona nimeshindwa kujizuia, akaanza kusema taratibu, kwa ile sauti ya wazee wakisifu madume yao. Akasema wa buluu alikuwa mwepesi wa miguu lakini hana kifua. Akasema mwekundu wangu alikuwa mzito kuinuka, tena mzito wa kutia aibu, mpaka mtu anataka kwenda kumsukuma kwa mikono. "Lakini akishainuka," akasema, "hakuna aliyemshika."

Lori liko Madogo linabeba kokoto, na mtu mwingine ndiye anayelisubiri lifike gia ya tatu. Ningetoa chochote nirudi Ijumaa moja tu, nisimame pale kofia inaporushwa, na safari hii nitazame kwenye vichaka.

"Mbona hukuniambia, baba?" nikamuuliza. "Miaka yote ile?"

Akachukua kibuyu mikononi mwangu, akanywa, akanirudishia.

"Nilikuwa nakuambia kila Ijumaa," akasema. "Nilikuwa nakuambia ng'ombe wamechelewa maji."