Kadi Namba Saba Ilivyokwama Irente kwa Kukosa Shikamoo

Wakuu, salaam.

Kwanza nitenganishe. Yaliyotokea ukumbini niliyaona, kwa kuwa nilisimama kwenye mstari. Yanayosemwa sokoni Lushoto kuhusu siku hiyo nimeyasikia tu, na sitayaandika.

Mjukuu wangu Neema anasoma shahada ya uzamili. Utafiti wake ni parallel computing, yaani kompyuta nyingi kugawana kazi moja na kuifanya kwa wakati mmoja. Hoja yake ni kwamba kila kompyuta ikiwasiliana na jirani yake tu, kazi itakamilika bila kiranja wa kuziamuru.

Msimamizi wake, mama mmoja asiyecheka ovyo, alikuwa amekwisha kuikataa mada hiyo mara mbili. Alipokuja kutembea Irente, Neema akamwomba nafasi ya mwisho: amwonyeshe kwa watu badala ya mashine. Akikataa tena, binti aanze upya na mada nyingine.

Tukapangwa watu kumi na wawili katika ukumbi wa kanisa, kila mmoja na kadi yenye namba. Unatazama kadi ya jirani. Namba ndogo inakwenda kushoto, kubwa kulia. Wote kwa pamoja, mpaka mstari mzima upangike.

Ikaanza vizuri. Ni kweli kila kadi ilitanguliwa na shikamoo, maana kwetu hupokei kitu mkononi mwa mkubwa hujamwamkia. Lakini vijana waliamkia upesi.

Mimi nilikuwa na arobaini. Kulia kwangu Mzee Zakaria, karani mstaafu wa kiwanda cha chai kule Bulwa, alikuwa na saba.

Nikamngoja aniamkie. Naye akaningoja.

“Zakaria, watu wanasubiri.”

“Wanakusubiri wewe, mdogo wangu.”

Nikamkumbusha kwamba nina cheti cha ubatizo chenye tarehe. Yeye aliambiwa na shangazi yake kuwa alizaliwa nzige walipopita. Nzige si ushahidi, nikamwambia. Walipita mara nyingi.

“Mimi nilizaliwa walipopita mara ya kwanza,” akajibu.

Mstari mzima ukasimama. Mama mmoja wa kwaya akaketi sakafuni na kadi yake.

“Babu, jamani, badilishaneni tu!” Neema akasihi.

“Usiwaamuru,” msimamizi akamkata. “Umesema hawahitaji kiranja. Hii ndiyo deadlock, kila mmoja anamngoja mwenzake. Kompyuta zako zikikwama hivi, utafanyaje?”

Neema akatutazama mmoja mmoja. Nilijua mada yake inategemea sisi wawili, na bado sikuamkia. Naandika hilo bila kujitetea.

Kisha akasema, “Naongeza kanuni moja, tunaendelea hapo hapo. Wa kushoto ndiye anayeanza. Umri hauulizwi.”

Wa kushoto nilikuwa mimi.

Nilimtazama yule binti. Nikasema, “Shikamoo.”

“Marahabaaa!” Zakaria akaivuta hata akina mama wa jikoni wakachungulia. “Hujambo, kijana?”

Kadi zikahama. Mstari ukapangika bila mtu kutoa amri.

Nimejifunza kwamba heshima nayo inahitaji kanuni ya nani aanze, la sivyo watu kumi na wawili watasimama kwa ajili ya wawili. Wenye ujuzi wa mambo haya nisahihisheni, ila mje na ushahidi.

Kama kanuni hiyo inafaa kwa kompyuta halisi, sijaona, hivyo sisemi. Ninachoweza kukithibitisha mwisho ni hiki: msimamizi alitia sahihi ya kuikubali mada ya Neema mbele yangu, akafunga kalamu, akamwamkia Zakaria kwanza, kisha mimi.