Fundi Pua na Bushi za Shemeji

Mume wangu hununua vitu kwa pua. Usicheke, nisikilize kwanza. Mpe sabuni, atainusa. Mpe mpira wa gari, ataupeleka puani, ataubonyeza kwa ukucha, ataung'ata kidogo pembeni, halafu atakutazama kama umeuiba. Ndiyo maana mafundi wa gereji zote za mtaani kwetu wanamwita Fundi Pua. Kazi yake ni miguu ya magari: shokapu, springi, na ile mikono ya chuma inayoshikilia gurudumu. Kazi anaijua, sitamnyima haki yake. Ila hamwamini mtu. Bolti akishaikaza anaipaka rangi nyeupe, ili mtu akiigusa yeye ajue.

Gari letu la milimani, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, naliendesha mimi. Nawapandisha wauguzi na dawa zao kwenye vijiji vya juu, njia ya mawe matupu, korongo upande mmoja. Spea tulikuwa tunachukua kwa mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi, aliyekuwa na kiduka pale kwenye kona ya gereji. Alianza kwa kuuza plagi juu ya meza, akajikongoja mpaka akapata mlango na kaunta. Mkewe na wanawe walikuwa wanakula hapo.

Basi bushi za mikono ya chini zikafa. Bushi ni kipande cha mpira chenye bomba la chuma katikati, kinakaa kwenye maungio. Mkono ukipanda na kushuka, mpira ndio unaojipinda. Zikiisha, gari linagonga na usukani unavuta upande. Tukaenda dukani wote wawili, na mdogo wangu akatupangia aina tatu kwenye kaunta.

"Shemeji, hizi ni za raba, laini, kama zilizokuja na gari," akasema. "Hizi ni za plastiki ngumu. Zinadumu, ila zinataka grisi, ukizisahau zinalia kama mlango mbovu. Na hizi ni joint za chuma, zinazunguka kila upande. Kwenye mawe hazina mpinzani, lakini vumbi likiingia zinaanza kugonga, na kila jiwe dada atalisikia mgongoni."

"Wewe unataka nichukue zipi?"

"Za raba. Dada anabeba watu, hayuko mashindanoni."

Mume wangu akakunja uso. "Mbona unanisukumia raba? Zimekudodea?"

Nikamkanyaga mguu chini ya kaunta. Hakujali. Akanusa raba, akang'ata, akasema inanuka tairi kuukuu. Lakini akazichukua, kwa sababu zile nyingine alizishuku zaidi.

Akazifunga mwenyewe. Yeye huliweka gari juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, anakaza bolti zote hukohuko juu, anapaka rangi, ndipo analishusha. Hataki bolti ibaki imelegea hata kidogo akiwa hayupo, mtu asije akaichezea. Nimeolewa na mtu wa namna hiyo.

Hazikumaliza msimu wa mvua. Raba ilichanika pande zote. Tukanunua nyingine, nazo zikachanika vilevile. Safari ya mwisho usukani ulinivuta kuelekea korongoni, muuguzi akanishika bega akaanza kusali. Nilipofika nyumbani nikamweleza mume wangu.

"Feki," mume wangu akasema.

"Mdogo wangu hawezi kuniuzia feki mimi."

"Akiwa nyumbani ni mdogo wako. Akiwa dukani ni muuzaji."

Angeishia kwangu ningenyamaza. Lakini alizunguka gereji moja baada ya nyingine na ile raba iliyochanika mkononi, akawafundisha mafundi kunusa, kubonyeza, kung'ata. Msinunue kwa yule, akawaambia, yule ni shemeji yangu na bado nasema msinunue. Nani asingemwamini? Wateja wakakatika. Nikipita dukani namkuta mdogo wangu anapangusa vumbi kwenye maboksi yaleyale. Roho iliniuma sana.

Siku moja akaja nyumbani, mume wangu akamsimamisha mlangoni.

"Shemeji, kweli unadhani naweza kumuuzia dada yangu kitu cha kumtupa korongoni?"

"Sidhani. Naona."

Mdogo wangu aliweka boksi la bushi mpya kwenye kizingiti, akasema hizi ni zawadi ya dada, akaondoka.

Fundi Pua akaona huo ndio mtego wenyewe. Zawadi ya nini? Akashuku shemeji yake anatoa bushi nzuri mbele za watu, halafu anatuma mtu azibadilishe kwa mbovu gari likilala gerejini. Kwa hiyo safari hii, gari likiwa juu, alipokwisha kukaza alichora mstari mweupe ulionyooka kutoka kwenye bolti, ukapita juu ya raba, mpaka kwenye mkono wenyewe. Akangoja hapo mpaka ukakauka. "Sasa tutamjua mwizi," akaniambia.

Akalishusha gari. Akainama na tochi kuutazama mstari wake, na hakuinuka. Nikainama na mimi. Mstari ulikuwa umepinda juu ya raba kama ndoano, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeligusa gari. Akalipandisha tena, mstari ukanyooka. Akalishusha, ukapinda.

Hata mimi nisiye fundi nilielewa. Amekaza gurudumu likiwa linaning'inia, bolti imelishika bomba la katikati kwa nguvu. Gari likisimama chini, mkono unapanda, na raba inabaki imenyongwa hata kabla ya kukanyaga jiwe. Ilitakiwa kukazwa gari likiwa chini, limesimama na uzito wake.

"Ni mimi," akasema akiwa bado chini ya gari.

Nilimtolea uvivu. Nikamwambia amenusa dunia nzima isipokuwa mikono yake. Alilegeza bolti, akalitikisa gari likakaa sawa, akazikaza upya. Bushi hizo zilikuja kupanda mlima msimu mzima na hazikupasuka popote.

Siku ile ya mstari mdogo wangu alikuwa ameshaanza kufunga duka. Mume wangu akaenda kumwangukia, akamwomba atoke naye na boksi moja, wazunguke gereji zote aseme ukweli. Nikawafuata. Pale gereji kubwa, fundi mnene aliyekuwa mwanafunzi wake mzuri alimsikiliza mpaka mwisho, akaichukua bushi, akainusa, akaibonyeza kwa ukucha, akaing'ata pembeni.

"Inanuka tairi kuukuu," akasema. "Fundi Pua, shemeji yako kakuhonga nini?"

Wengine wakacheka. Mume wangu akaapa, akaeleza habari ya stendi na mstari, akaeleza tena. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kutazamana.

Mdogo wangu akairudisha bushi kwenye boksi, akalifunika. Mume wangu akanyoosha mkono ambebee. Mdogo wangu akalivuta boksi kifuani kwake, akautazama ule mkono.

"Acha, shemeji," akasema. "Nitalibeba mwenyewe."