Mara Kumi kwa Sekunde

Mama alipoanza kusahau njia ya kurudi kwangu Uthiru, nilimshonea kifaa cha GPS ndani ya mfuko wa sweta. Kazi yangu ni kutengeneza simu katikati ya jiji, kwa hivyo nilikiunda mwenyewe. Nilikiagiza kipime mahali alipo mara kumi kwa sekunde, nikiamini kwamba kadiri kinavyopima haraka ndivyo kitakavyokosea kidogo.

Alasiri moja nikiwa kazini, dada niliyemwajiri amtunze alinipigia akilia. "Mama hayuko! Nilikuwa naanika nguo tu. Kurudi, geti iko wazi."

Nilifungua ramani kwenye simu. Nukta ya Mama ilikuwa katikati ya Waiyaki Way, kwenye malori. Ikaruka ng'ambo. Ikarudi barabarani. Nilichukua bodaboda, na njia nzima nilikodolea macho ile nukta ikivuka na kurudi, nikiogopa itakapotulia, maana nilijua gari likimgonga itatulia.

Nilipofika pale ilipoonyesha, hapakuwa na mtu. Nilikimbia kando ya barabara nikiita mpaka sauti ikakauka. Mwishowe nilimpigia fundi mwenzangu, nikamweleza jinsi nukta inavyorukaruka.

"Umeiweka ipime mara ngapi kwa sekunde?" aliuliza.

"Kumi."

"Hiyo chipu ni ya bei rahisi. Ukiikimbiza hivyo inashika setilaiti chache, na haipati nafasi ya kupiga hesabu vizuri. Irudishe mara moja kwa sekunde."

Amri yenyewe hutumwa kwa meseji. Niliikosea mara mbili. Ya tatu ikakubali. Nikasubiri. Nukta ikayumba kidogo, ikatoka barabarani, ikatua nyuma yangu kwenye vitalu vya miche ambavyo nilikuwa nimevipita nikikimbia.

Mama alikuwa amepiga magoti, aking'oa magugu kwenye miche ya sukuma wiki.

"Huyu shosho amekaa hapa kitambo," muuzaji wa miche alisema. "Tulidhani ni kastoma."

Mama aliinua macho. "Mwanangu, leo mmetoka shule mapema?"

"Ndiyo, Mama," nilimjibu, nikamshika mkono. Tulitembea hadi nyumbani malori yakitupita kwa kishindo, na kila moja lilinishtua. Tulipokaribia geti akaniambia nimlegezee, namuumiza. Nilijaribu. Vidole vilikataa kufunguka.