Kanga Kwenye Kiti cha Nyuma

Nikisikia mtu anasifia sheria za watoto kwenye magari, huwa nanyamaza kwanza, maana mdomo wangu naujua. Miaka ya tisini, magari ya mtumba yalipoanza kumiminika, sie wa Chang'ombe nasi tulinunua. La mume wangu lilishushwa bandarini likiwa halina mikanda ya nyuma hata mmoja. Serikali ikalikagua, ikalipa namba, ikatutakia safari njema. Hakuna aliyeuliza mikanda iko wapi.

Mume wangu alikubali niendeshe kwa sharti moja: "Siku ukiniletea kesi ya polisi, funguo nazichukua." Leseni ile nilikuwa nimeisotea. Kila asubuhi nilimpeleka mwanangu chekechea kule Ubungo, kisha nikaenda kazini kwangu bila kumwomba mtu lifti. Asikwambie mtu, nilijiona nami mtu.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa trafiki. Mkewe shoga yangu, yeye nikimwita shemeji. Futari yetu alikula, na binti yake wa miaka minne nilimpakia kila siku pamoja na mwanangu. Siku moja nilifunga breki, watoto wakarushwa mbele. Nikamuuliza shemeji nifanyeje.

"Nipe kanga tatu kuukuu," akasema. Akalaza mgongo wa kiti, akazipitisha, akaurudisha, akawafunga kifuani, fundo akaliweka nyuma wasilifikie. "Hii ndiyo mikanda yetu." Tukacheka sana.

Mara redioni ikatangazwa amri: mtoto afungwe mkanda wa gari, la sivyo leseni ya dereva inachukuliwa. Mkanda unauzwa duka gani, hawakusema. Nikamwendea shemeji.

"Aa, wewe endelea na kanga. Wenzangu nitaongea nao."

Wiki ileile nikasimamishwa karibu na mataa ya Ubungo. Walikuwa wawili: mkubwa mwenye nyota begani, na shemeji. Roho ikatulia. Mkubwa akachungulia nyuma.

"Ebo! Mama, hawa watoto au mbuzi wa mnadani?"

"Nilielekezwa na trafiki mwenyewe, afande."

"Trafiki gani?"

Nikamtazama shemeji. Mkubwa naye akamgeukia. "Unamfahamu huyu?"

"Hapana, afande. Mama huyu simfahamu."

Mama! Mtu aliyelamba sahani zangu Ramadhani nzima!

Binti yake akaona sare. "Baba! Baba, mie hapa!" Akajivuta mbele, kanga ikamzuia. Shemeji akatupa kisogo, akapuliza filimbi kusimamisha lori lisilo na kosa lolote.

Mkubwa akacheka. "Watoto bwana, kila mwenye sare kwao ni baba."

Neno moja tu lingetosha. Lilifika kwenye ulimi, wallahi. Lakini yule mtoto alikuwa ananitazama, nikashindwa kumvua baba yake nguo mbele yake. Leseni ikaenda. Jioni mume wangu akanyoosha mkono, nikampa funguo, wala hatukugombana.

Usiku uleule shemeji akaja, eti kazi ni kazi, eti nimwelewe, wakubwa wanatafuta wa kuwatolea mfano. Fadhila za punda ni mateke, nikamwambia, na serikali yako ipelekee salamu: iliyoruhusu gari bila mikanda ndiyo hiyohiyo inayonivua leseni kwa kukosa mikanda. Akainamisha kichwa. Halafu, bila haya, akauliza kesho binti yake ataenda na nani shule.

Kesho yake binti akaja mlangoni na begi lake kama kawaida. Mtoto kosa lake nini? Nikawashika mkono wote wawili, tukaenda kwa miguu kutafuta basi. Njiani binti akanivuta vazi.

"Mama, jana baba alikuwa hanijui?"

"Alikujua, mwanangu. Jua tu lilimpiga machoni."

Akaniamini, akaanza kurukaruka. Leseni nilikuja kuipata tena. Lakini uongo ule alionisababisha nimwambie mtoto wake, hadi leo sijamsamehe.